Kinga ya SIDA katika Fizi na Baraka (3): Dawa ifuate mgodi, isiulize jina la mtu

Wiki iliyopita tulimzungumzia anayeishi na virusi: akimeza dawa zake bila kukatiza, mpaka virusi visionekane tena kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake. Leo ni zamu ya asiye navyo. Huyo pia ana dawa yake, na wala si ya jana. Marekani iliiruhusu Julai 2012. Shirika la Afya Duniani, hii OMS tunayoijua, likaipendekeza Septemba 2015 kwa kila aliye katika hatari kubwa. Kenya ikaiingiza katika huduma za serikali Mei 2017. Inaitwa PrEP. Ninachotaka kuuliza ni kwa njia gani itamfikia mchimbaji anayeshuka shimoni katika mgodi wa Misisi huku Fizi, mama anayetwanga mawe ya dhahabu, na binti anayewapikia wote wawili.

Kidonge ni kimoja kwa siku, na ndani yake mna dawa mbili: tenofovir miligramu 300 na emtricitabine miligramu 200. Mwenye virusi naye kwa kawaida humeza tenofovir, ila yeye huongezewa nyingine. Ndiyo maana kopo likionekana nyumbani, majirani hukimbilia kusema fulani anaumwa. Kazi ya kidonge ni hii. Virusi vya SIDA haviwezi kuzaana vyenyewe. Sharti viingie ndani ya chembe nyeupe ya damu, vinakili humo habari zao za urithi, kisha viilazimishe chembe itengeneze virusi vingine. Dawa ikishafika ndani ya chembe hugeuka kuwa mfano wa kipande cha nakala hiyo. Virusi hukiokota na kukiunga vikidhani ni chao, na hapo mnyororo wa nakala unakatika. Basi dawa lazima iwe imekwisha kuingia kwenye chembe kabla virusi havijabisha hodi.

Kuna tofauti ya wanawake na wanaume ambayo washauri wengi huipita haraka mno. Mwanamke ameze kila siku, na apitishe karibu siku 7 za mwanzo kabla ya kuitegemea. Mwanamume ana njia ya pili, ambayo OMS iliikubali 2019 kwa wanaume wanaolala na wanaume, ikaipanua 2022: vidonge 2 kati ya saa 2 na saa 24 kabla ya tendo, kimoja saa 24 baada ya vile vya kwanza, na kimoja tena saa 24 baadaye. Kwa mtu anayekaa wiki tatu bila faranga, halafu siku ya kuuza dhahabu mfuko ukajaa na usiku ukawa mrefu, mpango huo una maana kuliko kumlazimisha ameze kila siku. Mwenye homa ya ini ya aina B asiutumie, kwa sababu tenofovir huvizuia pia virusi vya ini, na kuikatiza ovyo kunaweza kuviamsha.

Je, inakinga kweli? Utafiti uliofanywa Kenya na Uganda kwa wenzi ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, uliochapishwa 2012, ulionyesha kwamba waliopewa kidonge hiki waliambukizwa pungufu kwa asilimia 75 kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Lakini mwaka 2011 utafiti mwingine, uliohusu wanawake wa Kenya, Tanzania na Afrika Kusini, ulisimamishwa njiani kwa sababu hakukuwa na tofauti yoyote kati ya makundi mawili. Damu ilipopimwa, ikaonekana wengi hawakuwa wakimeza. Wengi wao hawakujiona kama watu walio hatarini. Naomba msomaji aushike huo utafiti wa pili zaidi ya ule wa kwanza, maana Misisi inafanana nao.

Tuje basi kwetu. Fedha za kinga ya SIDA nchini Kongo zina ramani yake. Mpango wa Marekani unaoitwa PEPFAR umejikita Kinshasa, Haut-Katanga na Lualaba. Jimbo letu la Kivu Kusini linategemea zaidi Mfuko wa Dunia, ukipitia mpango wa taifa wa kupambana na SIDA, PNLS, na zoni za afya. Ndiyo kusema kitu kipya hufika Lubumbashi na Kolwezi mapema, sisi tukasubiri. Dhahabu ya Misisi haina bahati ya kobalti ya Kolwezi. Na hii ni nchi ambayo sampuli yake ya damu ya mwaka 1959, iliyochukuliwa Léopoldville, ndiyo ya zamani kuliko zote duniani iliyothibitishwa kuwa na virusi hivi.

Hata dawa ikifika, hufika na fomu. Fomu huuliza makundi: wewe ni mwanamke anayeuza mwili? Wewe ni mwanamume anayelala na wanaume? Unajidunga? Mwenzi wako ana virusi? Huko Kinshasa huenda maswali hayo yakapata majibu. Misisi yatamkimbiza mtu. Mtazame mama aliyetoka Fizi au Lulimba na watoto watatu, akapanga chumba, akawa anakaa na PDG wa shimo, yaani mwenye shimo, muda wote linapotoa dhahabu. Bwana analipa chakula na karo. Maji yakijaa shimoni, bwana huyo anahamia Namoya, na mama anabaki na deni la chumba mpaka apatikane mwingine. Huyo ni nani kwenye fomu? Yeye mwenyewe atakwambia ana mume. Ukimwandika kuwa anauza mwili, hatarudi, na jirani yake hatakuja kabisa.

Jimbo letu lina ushahidi wa karibu kuhusu jambo hili. Homa ya nyani, mpox, ilipoibuka Septemba 2023 huko Kamituga, mji mwingine wa dhahabu, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 108 waliothibitishwa kwa kipimo mpaka Januari 2024. Karibu asilimia 29 walikuwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Takwimu hiyo imetajwa sana, na kila mara naisikia ikisomwa upande mmoja, kwamba chanzo ni wanawake wa baa. Isome na upande wa pili: saba katika kumi hawakuwa wao. Walikuwa wachimbaji, wake zao, wanafunzi, wafanyabiashara. Ugonjwa haukuchagua kundi. Ulikuwa wa mji mzima wa mgodi, ukavuka mipaka, na Agosti 14, 2024 OMS ikatangaza dharura ya dunia. Mji wa dhahabu una mwendo wake wa fedha, pombe, vyumba vya kupanga na watu wanaohama, na kila anayeishi humo yumo ndani ya mwendo huo, hata yule aliyeolewa kanisani.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba PrEP itolewe kwa mahali. Misisi yote ihesabiwe kuwa mahali pa hatari, na yeyote aliyefikisha umri, akiiomba na kipimo chake kikionyesha hana virusi, apewe bila kueleza anaishi vipi. Wapo watakaosema huo ni ubadhirifu. Vidonge vya mwaka mzima kwa mtu mmoja, vile visivyo na jina kubwa la kampuni, hugharimu karibu dola 40. Kumtibu aliyeambukizwa ni kazi ya maisha yote.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa kwa wenzetu. Mradi ulioitwa SEARCH ulitoa PrEP katika jamii 16 za vijijini Kenya na Uganda kuanzia 2016. Watu walipimwa kwa wingi, wakaelezwa hatari, na aliyejiona yumo alipewa hata kama hakuangukia kwenye orodha ya mradi. Dawa ilianza siku ileile, na iliweza kuchukuliwa nje ya kituo, hata nyumbani. Watu zaidi ya 5,400 walianza. Maambukizi mapya kati yao yalikuwa pungufu kwa asilimia 74 yakilinganishwa na ya watu wanaofanana nao katika jamii hizohizo, kabla PrEP haijaletwa. Na wengi waliacha, wengine wakarudi baadaye. Mpango wa serikali huona hilo kuwa kushindwa na kuandika kwenye ripoti kuwa mteja amepotea. Kwangu ni akili ya kawaida: shimo likifa, bwana akihama, hatari hupungua, shimo likifufuka, mama arudi kuchukua kopo bila kukaripiwa.

Tena hatuanzi kwenye sufuri, kwa sababu watu wa Fizi wanaijua kwa muda mrefu ndugu wa dawa hii: PEP, ile inayoanzishwa ndani ya saa 72 baada ya tukio na kumezwa siku 28. Waliijua kwa njia ya uchungu. Januari 1, 2011 askari waliwabaka wanawake wa mji wa Fizi usiku mmoja. Timu ya Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, ikawahudumia 33, na Februari mwaka huohuo mahakama ya kijeshi iliyokuja kuketi Baraka ikamhukumu luteni kanali wa jeshi la taifa miaka 20. Tangu hapo boksi la PEP limekuwa, katika mawazo ya watu, dawa ya waliobakwa. Mwanamume aliyepasukiwa na kondomu haiulizii. Mwanamke ambaye bwana wake amemlazimisha haiulizii pia, kwa kuwa hataki kitendo hicho kiitwe ubakaji.

Hilo lingebadilishwa bila kusubiri mradi mpya. Anayemaliza siku 28 za PEP na anarudi kwenye maisha yaleyale apimwe, na kama hana virusi aendelee siku hiyohiyo na PrEP, pasipo pengo. Na maboksi yakae Misisi na Lulimba kwenyewe. Saa 72 zinaonekana nyingi kwa aliye ofisini Baraka. Msimu wa mvua, lori likikwama matopeni baada ya Fizi, zinaweza kuisha zote barabarani. MSF iliondoa timu zake katika eneo la Fizi Desemba 2020 baada ya kushambuliwa, na tangu hapo ni wazi kwamba huduma isiyoshikwa na zoni ya afya yenyewe haina nanga.

Sasa imekuja sindano, na hapa ninakiri nina hamu. Dawa inaitwa lenacapavir, hudungwa chini ya ngozi ya tumbo mara mbili kwa mwaka, pamoja na vidonge vya siku mbili za kwanza. Katika utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, ambao matokeo yake yalitangazwa Juni 2024, wasichana na wanawake 2,134 walidungwa na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Marekani iliiruhusu Juni 2025, OMS ikaipendekeza Julai. Bei ya Marekani ni zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Makubaliano yaliyotangazwa Septemba 2025 na watengenezaji wa India yanasema karibu dola 40 kwa nchi zenye kipato kidogo, kuanzia 2027. Hakuna kopo la kufichwa chini ya godoro, hakuna mlio wa vidonge mfukoni, hakuna bwana wa kuuliza.

Ila sindano nayo ina shida inayoihusu Misisi kuliko Kampala. Aliyedungwa Machi hapa, Septemba anaweza kuwa Salamabila katika Maniema au Kalemie katika Tanganyika. Asipodungwa tena, dawa haimtoki mara moja. Hupungua polepole kwa miezi, na akiambukizwa wakati huo virusi vinaweza kuizoea. Ndiyo maana majimbo haya matatu yangehitaji kadi moja, isiyo na neno SIDA juu yake, inayokubaliwa na kituo chochote. Kadi hiyo ni rahisi kuliko sindano yenyewe, na nahofia ndiyo itakayosahaulika.

Kuhusu fedha na vita nitasema kwa ufupi. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Februari ikaruhusu sehemu ya huduma za SIDA zirudi, PrEP ikibakizwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Mwezi huohuo Bukavu ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23, na Desemba vita vikafika Uvira. Barabara iliyokuwa ikileta dawa kusini kutoka Bukavu ikakatwa na mstari wa mapigano. Mfuko wa Dunia nao, Novemba 2025, uliahidiwa dola bilioni 11.34 wakati lengo lilikuwa bilioni 18. Baraka, kwa bahati, inatazama ziwa: Kalemie na Kigoma zinafikika kwa maji, na wafanyabiashara wa samaki na mafuta hawangojei ruhusa ya mtu kuzitumia. Zoni za Fizi, Nundu na Kimbi-Lulenge zingepaswa kuwa na akiba ya miezi sita, iliyopita ziwani.

Akiba hiyo iwe ya vipimo kwanza. Mwenye virusi asiyejijua akipewa PrEP, dawa mbili hazitoshi kumtibu, na virusi vyake hujifunza kuzikwepa. Baadaye hata tiba kamili inakuwa ngumu. Kipimo ni kabla ya kuanza na kila baada ya miezi 3. Kituo kikiwa na makopo mia na hakina vipimo, makopo yabaki kabatini. Kaswende na kisonono kidonge hiki hakivigusi, wala mimba, wala mpox. Kondomu inaendelea na kazi yake.

Wiki ijayo: vipimo vya kujipimia nyumbani kwa maji ya ufizi, ambavyo OMS ilivipendekeza tangu 2016, na nani avigawe Misisi ikiwa PDG wa shimo hapaswi kujua nani amechukua.