Je, Wajua? Kobe 100,000, Uwanja wa Ndege Hakuna

Je, wajua kwamba penye kobe wakubwa wengi kuliko kwingine kote duniani hapafikiki ila kwa chombo cha baharini? Ni Aldabra, visiwa vya matumbawe vya Shelisheli vilivyo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé, vyenye kobe wapatao 100,000. Meli ndogo za watalii hutia nanga nje ya mwamba, na abiria huteremkia kwenye boti za mpira.

Hapo ratiba hupangwa na maji. Yakijaa, bahari huingia ndani kupitia milango michache ya mwamba, na kasa, taa na papa huingia nayo. Yakipwa, hutoka kwa kasi kama mto wa masika.

Kabla ya kushuka, viatu, mikoba na hata mifuko ya suruali hukaguliwa, maana mbegu moja ngeni yaweza kuzaa gugu lisilong'oka. Ni haki kabisa. Nchi kavu ipo aina ya ndege asiyeruka, ya mwisho iliyobaki visiwani magharibi mwa Bahari ya Hindi, na kaa wa nazi, anayepatikana pia Chumbe, Zanzibar. Mtazame kobe akinywa: huingiza pua kwenye kidimbwi cha mvua chenye kina kifupi na kuvuta maji kwa matundu ya pua.

Miaka ya 1960 Uingereza ilitaka kujenga hapo uwanja wa ndege za kijeshi. Wanasayansi walipinga vikali, na mpango ukaachwa mwaka 1967. Tangu 1982 Aldabra ni Urithi wa Dunia wa UNESCO.