MFUMO HURIA WA KOMPYUTA: NI KWA AJILI YA NANI?

Fundi cherehani hakati kitambaa kabla ya kumpima mwenye nguo. Vivyo hivyo, watengenezaji wa mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiongoza kompyuta, hawana budi kujiuliza kwanza: mtumiaji wao ni nani? Swali hili lina uzito zaidi katika mifumo huria, ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kuigawa. Kitu cha wote huweza kikakosa kumfaa hata mmoja.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitangaza Linux, kiini cha mifumo mingi ya aina hii. Kwa miaka mingi waliofaidika nayo walikuwa hasa mafundi, kwani mafundi ndio walioitengeneza, nao walijitengenezea wenyewe. Karani aliyeijaribu alikabiliwa na amri ngumu za kuandika na maelezo yasiyomhusu.

Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, jina lenye maana ya utu, juu ya msingi wa mfumo wa Debian. Mlengwa alitajwa waziwazi: mtu wa kawaida asiye fundi. Kwa ajili yake, kila kazi ilichaguliwa programu moja, na hadi mwaka 2011 sahani za CD zilipelekwa bure kwa posta, maana wengi hawakuwa na intaneti ya kasi.

Askari watapendezwa na mfano wa Gendarmerie ya Ufaransa, jeshi lifanyalo kazi za polisi. Mwaka 2005 lilianza kubadili programu za kuandikia nyaraka, zikafuata za intaneti na barua. Ndipo mwaka 2008 likaanza kuhamia Ubuntu. Hivyo askari alipofungua mfumo mgeni alikuta ndani yake programu alizokwisha kuzizoea. Kufika mwaka 2013 kompyuta zaidi ya 30,000 zilikuwa zimehamishwa.

Hata hivyo, Ubuntu nayo ilipata mtihani. Sura yake mpya, Unity, iliyowekwa rasmi mwaka 2011, ilikusudiwa baadaye iwe moja kwa kompyuta na simu. Watumiaji wengi wa zamani walinung'unika, na simu hazikupata soko. Aprili 2017 mpango huo uliachwa. Mshika mbili moja humponyoka.

Yafaa basi familia au ofisi inayokusudia kuchukua mfumo huria ijiulize mapema: nani ataitumia kompyuta? Kwa kazi gani? Mashine yenyewe ni ya zamani kiasi gani? Ikikwama, nani atatoa msaada? Kutolipia ni jambo jema, lakini nguo ya bure isiyomwenea mvaaji huishia sandukuni.