Konzo: miguu iliyofungwa

Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa wa Kwango, huku kwetu Kongo, akauandika kwa jina ambalo Wayaka walikuwa wakiuita: konzo, yaani miguu iliyofungwa. Mgonjwa, mara nyingi mtoto au mwanamke wa umri wa kuzaa, hukakamaa ghafla miguu yote miwili. Akiweza kutembea, magoti husuguana na hukanyaga kwa vidole.

Kwetu Bihambwe tungesema tu, "amepooza". Kwa mwanaisimu, neno hilo ni pana mno.

Amri ya kutembea hutoka ubongoni, hupita kwenye shina la ubongo na kushuka katika ugwe wa mgongo, ule mshipi laini wa neva uliomo ndani ya uti. Seli za ugwe huipokea na kuipeleka kwenye misuli. Lakini ugwe si tarishi tu. Msuli ukivutwa ghafla, ugwe huukaza wenyewe bila kungoja ubongo. Njia zitokazo juu huyatuliza majibu hayo yasizidi.

Polio huua seli za ugwe zinazoamuru misuli, hivyo mguu hulegea na kukonda. Konzo huharibu njia za juu. Seli za chini zi hai, ila hazina wa kuzituliza, na misuli hukaza kupita kiasi. Tunasema "kupooza" kwa yote mawili, ilhali mguu mmoja umelegea na mwingine umefungwa.

Chanzo ni muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, ukabaki na sumu ya sayanidi, ukaliwa wiki nyingi bila samaki, nyama wala mayai. Protini hizo huupa mwili salfa ya kuivunja sumu. Ndiyo maana vita huongeza hatari: anayekimbia, kama watu wa Masisi walivyokimbia mara nyingi, hana siku tatu za kuloweka.

Konzo haina tiba, lakini huzuilika. Hata unga uliokwisha kusagwa unaweza kulowanishwa kwa maji, ukatandazwa mwembamba saa mbili juani au tano kivulini. Sumu hupaa, kisha bugari hupikwa siku hiyohiyo.

Sasa tuseme tangazo la afya limeandikwa "kupooza" pekee. Mama ataona chanjo ya polio inatosha, na unga utapikwa kama jana. Kwa hiyo sisi watafsiri tuliache jina konzo lilivyo, na kando yake tuandike: miguu kukakamaa kwa sumu ya muhogo.