Nzi bandia: manyoya yapo Rukuba, soko liko mbali

Bei ya dagaa na sangara ndiyo inayogusa mifuko ya wakazi wa Kisiwa cha Rukuba, Kata ya Etaro, na kwa kawaida ukurasa huu hauendi mbali na bidhaa hizo mbili. Wiki hii tunaangalia bidhaa isiyozidi urefu wa kidole, inayotengenezwa kwa ndoana, uzi na manyoya ya kuku, ambayo majirani zetu wa Kenya wamekuwa wakiiuza ng'ambo kwa miongo mingi. Hiyo ni nzi bandia wa kuvulia samaki.

Kwa msomaji ambaye hajamwona, nzi huyu ni ndoana iliyofungwa manyoya na nywele za mnyama hadi ifanane na mdudu au samaki mdogo. Mvuvi wa starehe humrusha majini kwa fimbo na mshipi mzito, na samaki humeza akidhani amepata mlo.

Biashara hiyo ilifika Afrika Mashariki kwa njia ya trauti. Samaki hao walipandikizwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, mwaka 1905, kwa ajili ya walowezi waliotaka kuvua kama walivyozoea kwao. Baadaye nzi wakaanza kufungwa Kenya kwenyewe, na kazi ikabaki mikononi mwa Wakenya baada ya walowezi wengi kuondoka. Leo nzi wa Kenya wanauzwa katika maduka ya Ulaya na Marekani, na kampuni ya Kiingereza ya Fulling Mill ina kiwanda nchini humo.

Katika maduka hayo nzi mdogo wa trauti huuzwa kwa dola 2 hadi 3, na wale wakubwa hupita dola 5. Msomaji asikimbilie kuzidisha. Fedha hiyo hugawanywa kati ya mwagizaji, muuzaji wa jumla, mwenye duka na serikali (Marekani pekee hutoza ushuru wa asilimia 10 kwa vifaa vya uvuvi wa starehe), na anayefunga hupata sehemu ndogo tu, tena kwa dazeni. Kwa hiyo mwanzoni faida yake hutegemea zaidi kasi ya mikono kuliko bei.

Hapo ndipo anayeanza hukwama. Tuseme anafunga nzi mmoja kwa dakika 30. Dazeni moja ni saa 6, yaani karibu siku nzima ya kazi. Mnunuzi akikataa wanne, wanane waliobaki ndio watakaobeba gharama ya ndoana zote 12. Aliyefikia dakika 5 kwa nzi mmoja anamaliza dazeni hiyo kwa saa moja. Tofauti ya watu hao wawili haiko kwenye mtaji.

Vifaa si vingi. Kinahitajika kijiliwa kidogo cha kushika ndoana, mkasi wenye ncha kali, rili ya uzi mwembamba imara na vanishi ya kuzuia fundo lisifunguke. Rangi ya kucha isiyo na rangi inatosha kwa mazoezi. Kijiliwa kutoka ng'ambo ni ghali. Fundi vyuma wa Musoma anaweza kutengeneza cha kuanzia, mradi meno yake yakaze ndoana isicheze.

Mvuvi wa migonzo ana mwanzo mzuri kwa sababu vidole vyake vimezoea ndoana. Kosa lake la kwanza litakuwa kufunga manyoya juu ya chuma kitupu, na kila kitu kitazunguka. Uzi hutangulia: shina la ndoana livikwe uzi uliobana, mzunguko kando ya mzunguko, ndipo manyoya yafuate. Kosa la pili, na hili huwapata karibu wote, ni kujaza manyoya hadi kwenye tundu la ndoana. Fundo la mwisho hukosa mahali, vanishi huziba tundu, na mteja hawezi kupitisha mshipi wake. Acha nafasi inayolingana na upana wa tundu kabla ya kuanza kitu chochote.

Mtindo unaofaa kwa somo la kwanza ni Woolly Bugger, uliobuniwa Pennsylvania mwaka 1967. Una mkia, mwili mnene na unyoya uliozungushwa, na akiumudu huo mwanafunzi ameshajifunza kazi kubwa tatu. Kipimo chake ni rahisi: mkia ulingane na shina la ndoana. Fungeni huo huo mmoja, dazeni baada ya dazeni, hadi wa 12 asitofautike na wa kwanza. Mnunuzi wa jumla hutaka kwanza wanaofanana, uzuri unafuata baadaye.

Sasa manyoya. Kuku wa kienyeji wamejaa kisiwani, lakini nzi mdogo wa kuelea juu ya maji huhitaji unyoya wa shingo mrefu, mwembamba na mgumu, na Wamarekani wanafuga majogoo wa aina maalumu kwa kazi hiyo. Wa kwetu hawashindani nao. Wanafaa kwa nzi wakubwa wanaozama, wanaoigiza samaki, na manyoya ya mbuzi hufanya kazi nzuri hapo. Manyoya yaoshwe kwa sabuni na kuanikwa kivulini. Yangeyange na ndege wengine wa porini waachwe kabisa, kwa kuwa manyoya yao ni nyara chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009.

Je, soko la karibu? Watalii huvua sangara kwa fimbo katika Ziwa Victoria, wakiwemo wanaofika Hifadhi ya Rubondo, na sangara mkubwa kuliko wote katika rekodi za kimataifa za uvuvi wa fimbo, mwenye kilo 104, alinaswa Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Lakini wengi wao huburuta chambo cha mbao au plastiki nyuma ya boti. Wanaotumia nzi ni wachache, na hao hutaka nzi mkubwa wa rangi ya dagaa. Ni soko la kuuza vipande vichache kwa bei nzuri hotelini. Halitoshi kulisha kikundi cha watu 10.

Soko la dazeni liko ng'ambo, na mara nyingi hupitia kwa mnunuzi mmoja. Watu wa ziwa hili wanakumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria na bei ya sangara ikaporomoka mwaloni. Kikundi kitakachokopa ili kununua vijiliwa 10 kabla ya kupata oda kitakuwa kimejiweka pale pale.

Anayetaka kujaribu apeleke kwanza sampuli za dazeni moja hotelini au kwa mfanyabiashara wa Nairobi, na asikilize wangapi wamekataliwa na kwa nini. Kwa mwezi wa kwanza ndoana 25, rili moja ya uzi na jogoo mmoja aliyekwisha kuliwa vinatosha.