Kunyoa Elfu Kumi, Bili Elfu Thelathini na Tano

Wanachuo wenzangu, stori hii inaanza kwa aibu yangu mwenyewe, ila ndani yake kuna somo. Cheka kwanza, halafu tuelewane.

Muhula uliopita niliitwa usaili wa nafasi ya field hapa Dar es Salaam. Nywele zilishakuwa msitu. Mshkaji wangu wa hosteli akaniambia, "Siku kama hii usiende kwa kinyozi wa buku mbili, ingia saluni ya maana." Nikaingia moja, jina naliacha. Kioo ukuta mzima, kiyoyozi, viti vya ngozi. Bango linasema kunyoa ni shilingi 10,000. Nikajisemea, msimbazi mmoja siyo mbaya, nitapiga pasi ndefu siku moja mambo yataenda.

Nilimwambia kinyozi pembeni zishuke taratibu, juu zibaki kidogo. Alinichonga mbele mpaka paji la uso likaongezeka. Kabla sijafungua mdomo, akaja dada mmoja mpole: "Kaka, karibu huku nikuoshe." Nikamfuata. Akaniosha, akanisugua uso kwa skrabu, akanikanda mabega, akauliza, "Nikuwekee na rangi nyeusi kidogo, zing'ae?" Nikaitikia kwa kichwa. Kufika kaunta nikasomewa: kunyoa 10,000, skrabu 10,000, kuosha na masaji 5,000, rangi 10,000. Jumla 35,000. Mfukoni nilikuwa na 40,000, hela aliyonitumia mama baada ya malipo ya korosho. Nikalipa, tena nikasema asante. Hiyo asante inaniuma mpaka leo.

Tupige hesabu kwa lugha ya chuo. Tangu mwaka wa masomo 2022/23, fedha ya chakula na malazi kwa mnufaika wa mkopo ni shilingi 10,000 kwa siku. Kwa hiyo kichwa changu kilimeza boom ya siku tatu na nusu, na bado hakikupendeza.

Nimepigwa? Nilipotulia niliona jibu siyo rahisi hivyo.

Saluni ya namna ile ina mzigo wake. Kuna kodi ya fremu, ambayo wenye nyumba wengi huitaka ya miezi kadhaa kwa mpigo. Kuna umeme wa kiyoyozi na mashine, kuna maji, kuna taulo za kufua. Kinyozi mwenyewe mara nyingi hana mshahara: ama anapeleka hesabu kwa bosi kila siku, ama wanagawana kwa kila kichwa. Dada wa kuosha naye anaweza kuwa hivyohivyo, kipato chake kinatokana na skrabu na rangi. Sasa angalia bango. Linaandika bei ya kunyoa kwa sababu hiyo ndiyo sisi wateja tunayolinganisha kati ya saluni na saluni. Bei ya skrabu hakuna anayeitafuta, basi inakaa kimya hadi kaunta. Yule dada hakuniibia. Alifanya kazi yake, na mimi sikumuuliza.

Kwa nini sikuuliza? Hapa inabidi nirudi kwetu Chilangala, Newala. Kinyozi wetu ana benchi, kioo na mashine ya kuchaji. Bei ni buku, na kila mtu anaijua. Kama huna, utalipa korosho zikiuzwa. Hakuna kuoshwa kichwa, maana huku juu maji ni ya kuhesabu ndoo, utaoga nyumbani. Halafu kwa sisi Wamakonde nywele siyo kitu cha mchezo. Kijana hunyolewa anapoingia jando, na hata mapiko, vile vinyago vya kuvaa kichwani kwenye ngoma, hubandikwa nywele halisi za binadamu. Anayekunyoa ni mtu wa kumheshimu. Mimi wangu namwita mjomba, na kumuuliza bei kabla ya kukaa ni kama kumtilia shaka. Heshima hiyo nilipanda nayo basi hadi Dar. Kijijini haina hasara kwa sababu bei ni ya wote. Mjini bei anaijua muuzaji peke yake, na ukikaa kimya inahesabika kwamba umekubali.

Sheria nayo inatutazama pande zote mbili. Makubaliano ya mdomo ni mkataba halali, hivyo ukiitikia kwa kichwa umeshafanya jambo. Lakini mkataba unataka ridhaa ya hiari, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, hata kuhusu bei. Ukiambiwa "karibu nikuoshe" kama vile imo kwenye elfu kumi, una haki ya kuhoji. Ila kuhoji kabla ni rahisi kuliko kugombana ukiwa kaunta na watu nyuma yako.

Jambo jingine: bei kubwa siyo usalama. Nywele zetu za kipilipili zikikatwa chini mno hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, ndiyo vile vipele vya kisogoni na kidevuni. Rangi nyeusi huwasha baadhi ya watu vibaya, ni vizuri kujaribu kidogo kwenye mkono siku mbili kabla. Na virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, kwa hiyo wembe uwe mpya na mashine isafishwe mbele ya macho yako, iwe kwa elfu kumi au kwa buku.

Basi ukiingia saluni usiyoijua, uliza kabla ya kukaa: "Kunyoa bei gani, na ndani yake kuna nini?" Ukiitwa kwenye kiti cha pili, uliza tena. Hutaki? "Asante dada, leo nanyoa tu." Sentensi fupi, hakuna atakayekukasirikia. Na nywele zikiharibika, sema ukiwa bado kwenye kiti, si ukifika hosteli.

Likizo nilirudi nyumbani. Mjomba alilitazama lile paji, akacheka, akawasha mashine. Nikamuuliza, "Mjomba, bei gani?" Akazima mashine, akanishangaa: "Ndiyo mnayofundishwa chuoni haya?"

Nikamwambia ndiyo, na ada yake ilikuwa elfu thelathini na tano.