Libz.so.1 Likae Wapi?

Karibu kila kompyuta ya Linux ina faili liitwalo libz.so.1. Ndani yake mna zlib, maktaba ya kubana na kufumua data, ambayo mara nyingi hutumika unapofungua picha ya PNG. Programu inayoihitaji hulitafuta faili kwa jina hilo hilo. Sasa tuseme una programu mbili kwenye mashine moja: mpya ya biti 64, na ya zamani ya biti 32 ambayo mwenyewe hakuitengeneza upya. Prosesa za leo za Intel na AMD huziendesha zote mbili. Hata hivyo, programu ya biti 32 haiwezi kuipakia maktaba ya biti 64, kwa kuwa maagizo ya prosesa na upana wa anwani za kumbukumbu havilingani. Mashine inahitaji libz.so.1 mbili, na zote mbili kwa desturi zilikuwa zikidai kukaa /usr/lib. Ukiweka ya pili, umeifuta ya kwanza.

Shida hii ilipamba moto mwaka 2003, AMD ilipotoa Opteron, prosesa ya biti 64 iliyoendelea kuelewa programu za biti 32. Wasambazaji wa Linux Red Hat na SUSE waligawa njia mbili: biti 32 ibaki /usr/lib, biti 64 ihamie /usr/lib64. Kwa familia moja ya prosesa, mpango huo unatosha. Lakini jina lib64 halisemi ni biti 64 za nani. ARM nayo ina biti 64, RISC-V vilevile.

Debian, msambazaji mwingine wa Linux, ilianza vibaya zaidi. Kwa miaka kadhaa ilitegemea kifurushi kimoja kikubwa, ia32-libs, kilichosomba maktaba nyingi za biti 32 na kuziweka pamoja. Tundu la usalama likigunduliwa katika maktaba moja, furushi zima lilipaswa kuundwa upya, na mtumiaji alisubiri. Kwa maoni yangu, huko kulikuwa kuiahirisha kazi, na kila aliyesubiri marekebisho ya usalama alilipa gharama yake.

Kazi yenyewe ilipofanywa ilipewa jina multiarch. Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian, ilianza kuitumia mwaka 2011, na Debian 7 ikaifikisha kwa watumiaji wake mwaka 2013. Wazo lake ni rahisi: folda ibebe jina kamili la usanifu wa prosesa. Maktaba za Intel na AMD za biti 64 hukaa /usr/lib/x86_64-linux-gnu, za biti 32 /usr/lib/i386-linux-gnu, za ARM ya biti 64 /usr/lib/aarch64-linux-gnu. Usanifu mpya ukizaliwa kesho, unapata folda yake bila kumsogeza yeyote. Mtumiaji huandika dpkg --add-architecture i386, anasasisha orodha ya vifurushi, kisha anaomba zlib1g:i386, yaani kifurushi cha zlib cha biti 32. Libz.so.1 mbili zinakaa kwa amani.

Kuhamisha faili ni sehemu nyepesi. Uzito uko kwenye mstari mmoja ambao mfungashaji huuongeza katika maelezo ya kifurushi, uitwao Multi-Arch, kwa sababu mstari huo ni ahadi ambayo mashine za watu wengine zitaitegemea.

Thamani ya same inasema kifurushi hiki kinaweza kusakinishwa kwa sanifu kadhaa kwa wakati mmoja. Ndiyo ya zlib1g. Ahadi yake ni kali: faili lolote ambalo nakala hizo zinachangia, kwa mfano maelezo yaliyomo /usr/share/doc, lazima lifanane baiti kwa baiti, la sivyo dpkg, programu inayosakinisha vifurushi, inakataa. Hapa wafungashaji wengi waliumia kwa jambo ambalo hawakulitarajia. Gzip huhifadhi saa ya faili ndani ya faili lililobanwa, hivyo historia ya mabadiliko iliyobanwa kwenye mashine mbili kwa saa tofauti ilitoka na baiti tofauti, ingawa maandishi yalikuwa yale yale. Dawa ni gzip -n, inayoiacha saa nje. Matoleo pia lazima yalingane kabisa. Kifurushi cha i386 kikichelewa kuundwa, mwenye sanifu zote mbili hawezi kusasisha hata kile cha amd64, yaani cha biti 64.

Kuna tokeo jingine la same. Programu zinazoendeshwa hukaa /usr/bin, na huko hakuna folda za sanifu. Basi maktaba inayokuja na programu yake ndogo ndani ya kifurushi kimoja haiwezi kusimama kando ya pacha wake. Programu hiyo itolewe iwe na kifurushi chake. Faili la vichwa vya C lenye ukubwa wa pointa ndani yake nalo huhamishiwa /usr/include, chini ya folda ya usanifu wake.

Thamani ya foreign ni ya vifurushi ambavyo huduma yake haijali prosesa, kama tzdata yenye kanuni za majira ya saa duniani. Wengi hudhani kifurushi kisicho na msimbo wa mashine hakihitaji tamko lolote. Si kweli. Bila tamko, dpkg hukihesabu kuwa cha usanifu wa mashine yenyewe, na kifurushi cha i386 kinachokitegemea huambiwa hakipo ilhali kipo.

Thamani ya allowed hutumika pale ambapo jibu linamtegemea anayeuliza. Skripti ya Python haijali python3 ni ya usanifu gani, hivyo huomba python3:any. Moduli iliyokompailiwa kwa C inajali sana.

Biti 32 zenyewe zimeanza kuachwa. Mwaka 2019 Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, ilitangaza kuacha vifurushi vya i386 katika Ubuntu 19.10. Valve, ambayo duka lake la Steam lina michezo mingi ya biti 32, ikapinga, na Canonical ikakubali kubakiza vilivyochaguliwa. Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi wala kerneli ya i386. Usanifu huo sasa unaishi hasa kando ya amd64, kwa multiarch, kwa ajili ya programu za zamani. Kwa sababu hiyo hiyo haukupewa hesabu ya saa ya biti 64 ambayo ARM ya biti 32 ilipewa, maana ingezivunja programu zenyewe zinazolindwa. Kwa hesabu yao ya saa ya biti 32, programu hizo zitakwama tarehe 19 Januari 2038.

Kwa anayefungasha maktaba yake ya kwanza: kabla ya kuandika same, chukua mashine safi, sakinisha kifurushi chako cha amd64 na cha i386 pamoja, kisha kiondoe kimoja na uhakikishe kilichobaki bado kinafanya kazi.