Mzigo wa Bei ya Kununulia

Kila mwaka, tangu mwisho wa Januari hadi tarehe 15 Aprili, wako watu huko Marekani ambao taa za afisi zao hazizimwi mapema. Hao ni watayarishaji wa hesabu za kodi. Baadhi yao ni wahasibu wenye vyeti vikubwa. Wengine ni watu wenye meza moja na kompyuta moja katika chumba cha kupanga, wanaowajazia majirani fomu kwa ujira mdogo. Wapo pia wasemao Kiswahili, wanaowahudumia ndugu zetu waliohamia huko. Tumeona yafaa leo tuieleze kazi yao, kwani kanuni za kuarifu faida itokanayo na mauzo ya mali zimebadilika tena, na kila zibadilikapo mzigo huwaangukia wao kwanza, kisha humwangukia mteja aliye mnyonge.

Jambo lenyewe kwa asili si gumu. Mtu akinunua hisa kwa dola 9,500, akaziuza kwa dola 10,000, faida yake ni dola 500, na hiyo ndiyo itozwayo kodi. Lakini kwa miaka mingi madalali wa hisa walilazimika kuiarifu Idara ya Mapato ile fedha ya mauzo tu. Bei ya kununulia aliitaja mwenye mali mwenyewe, na Serikali haikuwa na njia nyepesi ya kumsadiki wala ya kumkanusha. Hapana shaka wako walioikuza bei hiyo ili faida ionekane ndogo. Basi katika sheria ya tarehe 3 Oktoba, 2008, ile iliyopitishwa upesi kwa ajili ya kuyaokoa mabenki, Bunge la Marekani liliingiza kifungu cha kuwataka madalali waarifu bei ya kununulia pia: kwa hisa zilizonunuliwa tangu 1 Januari, 2011, kwa mifuko ya uwekezaji wa pamoja tangu 2012, na kwa hatifungani nyingi tangu 2014.

Sisi hatuilaumu nia ya sheria hiyo. Mfanyakazi wa mshahara hukatwa kodi kabla hajaigusa fedha yake, na mwajiri wake amekwisha kuiarifu Serikali kila senti. Kwa nini basi mwenye hisa aaminiwe kwa neno lake tu? Tunalolitilia shaka ni namna kazi ilivyogawanywa.

Mapema mwaka 2012, walipokaa kuandika hesabu za mwaka 2011, watayarishaji walikuta fomu ngeni mezani, Fomu 8949. Kila mauzo yalitakiwa yaandikwe humo kwa mstari wake, tena yatengwe mafungu: yale ambayo dalali ameiarifu Idara bei ya kununulia, yale ambayo hakuiarifu, na yale ambayo hayana karatasi ya dalali kabisa. Kila fungu nalo ligawanywe, mali iliyokaa mwaka mmoja au chini yake mbali, na iliyokaa zaidi mbali. Mfikirie mzee mstaafu aliyenunua hisa za kampuni moja kidogo kidogo tangu mwaka 1995, akaongeza nyingine mwaka 2011, kisha akaziuza zote siku moja. Kwake hizo ni hisa za aina moja, na fedha aliipokea kwa hundi moja. Kwa mtayarishaji zimekuwa za mafungu mbalimbali, na zile za zamani hakuna ajuaye bei yake ila mzee mwenyewe, ikiwa anakumbuka. Kama gawio lake lilikuwa likinunua hisa nyingine kila baada ya miezi mitatu, katika miaka ishirini yamekuwa manunuzi themanini, kila moja kwa bei yake na tarehe yake.

Yapasa tuseme kweli kwamba Idara ililegeza kamba. Tangu hesabu za mwaka 2013, mauzo ambayo bei yake imearifiwa na dalali, wala hayana la kusahihishwa, yanaweza kupelekwa kwa jumla yake bila kuorodheshwa moja moja. Wengi walishukuru. Lakini karatasi za madalali zenyewe hutolewa katikati ya Februari, na mara nyingi hufuatwa na nyingine za masahihisho mwezi Machi, wakati mteja mwenye haraka amekwisha kupeleka hesabu yake. Hapo kazi huanza upya, na sijui ni wateja wangapi wanaokubali kulipia kazi hiyo mara mbili.

Sasa imekuja zamu ya sarafu za kidijitali. Sheria ya mwaka 2021 iliwaingiza wauzaji wake katika hesabu ya madalali, na karatasi mpya, 1099-DA, ikawekwa kwa mauzo ya tangu 1 Januari, 2025. Lakini kwa mwaka huo wa kwanza walilazimishwa kuarifu fedha ya mauzo tu. Wajibu wa kuarifu bei ya kununulia ukaahirishwa hadi mauzo ya mwaka 2026, na hata hapo kwa sarafu zilizonunuliwa tangu mwaka huo na kukaa kwa dalali yule yule. Maana yake ni nini? Kijana aliyenunua kwa dola 9,500 na kuuza kwa 10,000 anaonekana mbele ya Serikali kama mtu aliyepata 10,000, na mahali pa bei ya kununulia pa wazi. Kwa kiwango cha asilimia 15, wanachotozwa wengi kwa mali iliyokaa zaidi ya mwaka, kodi yake ya haki ni dola 75. Akishindwa kuionyesha bei aliyonunulia, itakuwa dola 1,500. Asipoandika lolote, mashine za Idara zitalinganisha karatasi, na barua itamfikia.

Hapa ndipo mtayarishaji anapobanwa. Akiandika sifuri, anamdhulumu mteja. Akikisia, ametia sahihi yake na namba yake chini ya makisio, na sheria ina faini kwa jambo hilo. Akisema, "Nenda ukalete kumbukumbu," mteja huenda kwa mwingine asiyeuliza maswali. Sisi twaona kwamba kudai fedha ya mauzo iarifiwe mwaka mmoja kabla ya bei ya kununulia ni kuanza kujenga nyumba kwa paa.

Wenzetu wa huko wana jambo lao la zaidi, ambalo wengi hawalijui mpaka wafike mezani. Raia wa Marekani, na mwenye kibali cha kukaa huko daima, hutozwa kodi kwa faida aipatayo popote duniani, hata kwa kiwanja alichokiuza Kibaha au Malindi. Hakuna dalali atakayeleta karatasi. Mauzo hayo huingia katika lile fungu lisilo na karatasi. Tena kila bei hugeuzwa kuwa dola kwa thamani ya siku yake. Tuseme mtu alinunua kiwanja mwaka 2005 kwa shilingi milioni 11 za Tanzania, dola moja ikiwa kadiri ya shilingi 1,100, akakiuza mwaka 2024 kwa milioni 26, dola ikiwa kadiri ya shilingi 2,600. Kwa shilingi amepata faida ya milioni 15. Kwa dola alitoa 10,000 na amepokea 10,000. Hana faida hata senti. Mtayarishaji asiyejua, akigeuza zote mbili kwa thamani ya mwaka 2024, atamwandikia faida ya zaidi ya dola 5,700 ambayo haikuwapo. Risiti ya mwaka 2005, iliyosahauliwa ndani ya sanduku nyumbani kwa shangazi, yaweza kuwa na thamani kubwa kuliko mtu alivyodhani.

Kwa hiyo twawaomba ndugu zetu walioko huko waandike barua nyumbani mapema, mwezi wa Novemba au Desemba, wasingoje Aprili. Muda wa nyongeza hupatikana kwa kuuomba, nao hufika hadi tarehe 15 Oktoba. Lakini nyongeza hiyo ni ya kupeleka karatasi, si ya kulipa. Fedha yenyewe hutakiwa tarehe 15 Aprili, hata kama bei ya kununulia bado inatafutwa.